Kakangu kafutwa kazi ya kaunti, rufaa apeleke wapi?

MwanaLikoni: Assalaam aleykum. Kakangu kaandikwa kaunti moja huku pwani, juzi kapewa barua ya kufutwa, hakuitwa kusikizwa wala nini, na bosi amwambia eti hakuna pa kwenda. Kweli?

MamaSwabra: Waaleykum salaam mwanangu. Si kweli kabisa! Katiba ya Kenya kifungu 236 yasema mtumishi wa umma hafutwi bila kufuata sheria, na Sheria ya Ajira ya 2007 yataka aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na aje na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama akijitetea. Yaniuma sana watu kunyamazishwa hivi.

Abuu_Kisauni: Bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ndiyo inayosimamia nidhamu, sasa uamuzi ukishatoka rufaa yaenda kwa Tume ya Utumishi wa Umma, ile PSC ya Nairobi, kwa maandishi ndani ya siku 90, yaani Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kifungu 77. Mkichelewa Tume yaweza kuwasikiza kukiwa na sababu ya maana, lakini msingoje. Na asikimbilie korti ya kazi hapa Mombasa kwanza, watamwambia apitie PSC.

MwanaLikoni: Shukran sana. Barua kaisaini mkuu wa idara, si bodi, yabadilisha kitu?

Abuu_Kisauni: Eeh, hilo aliandike juu kabisa kwenye rufaa. Bodi ikimwachia mtu mwingine, kama mkuu wa idara, afanye kazi zake bodi, ni lazima iwe kwa maandishi, kwa hivyo aitishe hayo maandishi leo leo.