Naomba ushauri: virusi vya RNA vya bakteria, naelezaje vinavyojinakili?
Wakuu habari za mchana, nipo Mbagala hapa Dar nafundisha tuisheni ya baiolojia fomu siksi. Kuna virusi vinavyoshambulia bakteria E. coli, MS2 na Qβ, jenomu yao ni uzi mmoja tu wa RNA, ya MS2 ina herufi 3,569 na ndo jenomu ya kwanza kusomwa yote, 1976, timu ya Walter Fiers kule Ubelgiji. Sasa RNA hiyohiyo ribosomu (mashine ya seli ya kutengeneza protini) inaisoma kutoka ncha ya 5' kwenda ncha ya 3', alafu replikesi (kimeng'enya kinachonakili RNA) inanakili ikianzia 3', yani daladala mbili uso kwa uso kwenye njia ya gari moja! Replikesi ya Qβ inaazima protini za bakteria mwenyewe, S1, EF-Tu na EF-Ts, inang'ang'ania pale kwenye RNA maelekezo ya protini ya ganda la virusi yanapoanzia, ribosomu mpya haziingii, zilizomo zikimaliza ndo kunakili kunaanza, kwanza uzi hasi (nakala kinyume ya RNA ya virusi), kisha chanya kibao (sawa na RNA ya mwanzo) kutoka kwenye huo hasi. Hii napenda sana aisee.

Madogo wanauliza mbona hasi na chanya hazishikani zikawa nyuzi pacha? Najibu kila uzi unajikunja wenyewe huku unatengenezwa, ila kwa mdomo tu haiwaingii. Walimu wenzangu, mnalionyeshaje hili, kamba za rangi mbili au mchoro ubaoni hatua kwa hatua? Darasa halina projekta.