Mwaka wa Kanisa unanipita tu. Ninyi mnauishije?

Baba Pacha

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wa upande wa pili, Bwana asifiwe.

Nimekulia kwenye kanisa lisilo na kalenda. Krismasi na Pasaka tulisherehekea, basi. Jumapili nyingine zote zilifanana, na somo la siku lilikuwa lile ambalo mchungaji ameamka nalo. Nilipooa nikaingia Ukatoliki, na kusema kweli kilichonivuta ni huu mwaka wenu: kwamba kuna muda wa kungoja, muda wa kufunga, muda wa kushangilia, na wote mnaingia pamoja na kutoka pamoja. Nikasoma kila kilichopita mbele yangu. Nikajua kwa nini Pasaka inahama (Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake, ndiyo maana inachezea kati ya 22 Machi na 25 Aprili). Rangi zote za mavazi ya Misa nazijua. Nyumbani nina mishumaa minne ya Majilio (zile wiki za kuingojea Krismasi), na kwenye simu nina programu inayonipa masomo ya kila siku.

Sasa nimepoa. Kwaresima inaingia, inatoka. Masomo ya Dominika, yaani Jumapili, nayajua kabla msomaji hajafungua kinywa. Halafu kuna hili ambalo naona haya hata kulisema: nasali na watu walewale kila wiki na majina yao siyajui. Misa ikiisha naenda zangu.

Ule mshangao wa mwanzo hurudi? Na ninyi mnapataje watu wa kwenda nao mwaka mzima? Tafadhali msiniambie "sali zaidi".

Sauti ya Tatu

Ingia kwaya. Mimi sauti sina, wananichomeka katikati ya wenye nazo. Lakini nyimbo za Pasaka tunaanza kuzifanyia mazoezi Kwaresima ikiwa bado mbichi, tena kwa mlango uliofungwa maana zina Aleluya na Aleluya haitakiwi kusikika mpaka Mkesha wa Pasaka. Ukishakosea wimbo mmoja na watu wale wale jioni baada ya jioni, majina utayajua utake usitake.

Mama wa Sakristia

Baba Pacha, karibu. Umesema umesoma, umesikiliza, umewasha mishumaa. Kuna siku umeombwa kubeba kitu?

Nauliza kwa sababu mimi ni mtunza sakristia, kile chumba cha mavazi na vyombo vya Misa. Mwaka wa Kanisa naufahamu kutokea kabatini. Wakati ninyi mnaona padre ametoka na kasula, lile vazi la juu la Misa, ya zambarau, mimi nimeshaipiga pasi Jumamosi nikimnung'unikia aliyeikunja mara ya mwisho (ni mimi). Ile ya rangi ya waridi ndiyo korofi zaidi. Inavaliwa mara mbili tu, Dominika ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima, siku zile mbili ambazo Kanisa linajiruhusu kufurahi katikati ya kungoja na kufunga. Inalala muda mrefu mno, mikunjo inakataa kutoka.

Lakini nikupeleke kwenye majivu, maana hapo ndipo utapata majibu ya maswali yako yote mawili.

Majivu ya Jumatano ya Majivu yanatokana na matawi ya mwaka uliopita, yale yale mliyoyapunga mkiimba Hosana. Wiki chache kabla ya Kwaresima tunatangaza watu wayarudishe. Basi hapo mlangoni nakaa na boksi langu, na watu wanakuja. Mmoja amelitoa nyuma ya msalaba wa ukutani, limeshika vumbi la mwaka mzima. Mwingine limekaa ndani ya Biblia mpaka limebakiza alama kwenye ukurasa. Anakuja mzee na matawi mawili, lake na la mkewe, na mkewe tulimzika baada ya Pasaka. Huwezi kupokea tawi kama hilo ukasema "asante" halafu ukamwita anayefuata. Unasimama. Anakuambia. Sijawahi kuzunguka na daftari kuandika majina ya waumini, nimeyapata kwa mtindo huu, tawi kwa tawi.

Halafu tunachoma. Kopo la bati, nje, siku isiyo na upepo. Jani likikauka sawasawa linashika moto kwa kishindo na kuisha mara moja, ila ule mti wa katikati ni mgumu, unabaki vipande vyeusi. Tunasaga kwa kitako cha chupa, tunachekecha, tunasaga tena. Maji hatutii, majivu yakikutana na maji huchubua ngozi ya paji la uso. Kinachopatikana mwisho ni kidogo sana, kisahani kimoja kwa parokia nzima, na humo tawi la yule mzee huwezi tena kulitofautisha na la mtoto wa Komunyo ya kwanza. Siku yenyewe padre akichovya kidole na kusema "wewe u mavumbi", mimi nimesimama kwenye foleni nikijua ni mavumbi ya nani na nani. Sijaona bado namna ya kuzoea hilo.

Unasema masomo unayajua. Ya Dominika yanazunguka kwa miaka mitatu: Mathayo, Marko, Luka, na Yohana anachukua sehemu kubwa ya Pasaka. Yaani ulichosikia Dominika iliyopita utakisikia tena baada ya miaka mitatu. Baba, miaka mitatu ni mingi. Mapacha wako watakuwa wamebadilika, na anayekaa benchi la mbele yako huenda asiwepo.

Na usiku wa Mkesha wa Pasaka, kabla ya kuingia kanisani, usimame karibu na moto umwangalie padre anavyoandaa mshumaa. Anachora msalaba, Alfa juu, Omega chini, na katika pembe nne za msalaba anaandika tarakimu za mwaka huu. Kisha chembe tano za ubani, madonda matano. Mshumaa wa mwaka jana ninao kabatini, una tarakimu nyingine, hautatumika tena usiku huo. Ibada ni ile ile, maneno ni yale yale, lakini mwaka ule umekwisha. Baada ya hapo inaimbwa Mbiu ya Pasaka, na ukisikiliza vizuri utasikia Kanisa, katika usiku wake mkubwa kuliko yote, linataja kazi ya nyuki waliotengeneza nta. Nyuki! Nangojea mstari huo kuliko mahubiri (baba paroko asisome hapa).

Jambo moja linaniudhi, niliseme. Kwaresima ya siku 40 benchi zinajaa, Njia ya Msalaba mnasimama mpaka nje. Wakati wa Pasaka ni siku 50, mrefu kuliko Kwaresima, na wiki ya pili tu tumebaki sisi na wazee. Kufunga tunajua, kushangilia kunatushinda.

Kipindi cha Kawaida ndio usikidharau kabisa. Ni wiki 33 au 34 zilizobaki, rangi ya kijani, hakuna anayekiandikia lolote. Ndipo zamu za usafi zinapangwa, wagonjwa wanatembelewa, watu wanagombana kuhusu maua na kupatana. Anayenisaidia Alhamisi Kuu kuvua altare vitambaa, kubeba vinara na kuacha tabernakulo (kisanduku cha Ekaristi) wazi bila kitu ndani, nilimpata mwezi ambao hauna sikukuu hata moja.

Kwa hiyo Dominika ijayo usiondoke. Nenda mlango wa sakristia, na usiseme "nataka kujitolea", watakuandika kwenye orodha wakusahau. Uliza, "Jumamosi mnaanza saa ngapi?"

Nuru ya Mlimani

Bwana asifiwe. Nimesoma kwa heshima, na habari ya yule mzee imenigusa. Lakini mimi bado niko kule Baba Pacha alikotoka. Paulo aliwaambia Wagalatia kwamba wanashika siku na miezi na nyakati na miaka, na kwamba anaogopa asije akawa amejitaabisha bure kwa ajili yao. Kwetu kila Jumapili ni ufufuko. Na majina tunajuana, kwa sababu tunakutana majumbani katikati ya wiki, watu kumi na kitu, na asiyekuja anapigiwa simu. Sasa mshangao ukitegemea kasula na mishumaa, ukikosa kasula itakuwaje?

Siwatetei wale Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, wa Massachusetts huko Amerika waliopiga marufuku Krismasi kuanzia 1659 mpaka 1681, faini shilingi tano. Nauliza tu.

Kitabu na Ubani

Nuru, swali zuri, na hiyo ya kupigiana simu tungeiga. Ila Paulo huyo huyo anawaambia Warumi, sura ya 14, kwamba mmoja huona siku fulani ni bora kuliko nyingine, mwingine huona zote sawa, na kila mtu athibitike katika akili yake mwenyewe. Wagalatia walikuwa wanaambiwa kwamba bila hayo hawaokoki. Mama hapo juu anasaga majivu tu.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Katikati ya karne ya 2 Polikarpo, askofu wa Smirna, alikwenda Roma kuonana na askofu Aniseto. Kanisa la Asia, yaani upande wa Uturuki ya leo, lilishika Pasaka tarehe 14 ya mwezi Nisani wa kalenda ya Kiyahudi, iangukie siku yoyote ya wiki, na Roma ilishika Jumapili. Wakazungumza, hakuna aliyemshawishi mwenzake. Aniseto akampisha Polikarpo aongoze Ekaristi katika kanisa lake, wakaagana kwa amani. Irenei, askofu wa Lyon, ndiye aliyeikumbusha habari hiyo baadaye, pale Papa Viktori alipotaka kuwatenga hao wa Asia.

Kwa Baba Pacha: mtafute Egeria. Ni mwanamke aliyehiji Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4 akawaandikia dada zake wa imani waliobaki nyumbani jinsi mwaka ulivyoadhimishwa kule. Anaeleza Jumapili ya Matawi wakishuka kutoka Mlima wa Mizeituni, watoto wote na matawi ya mitende na mizeituni, hata wale wasioweza kutembea, wamebebwa mabegani na wazazi wao. Ijumaa Kuu watu walipita mmoja mmoja kuubusu mti wa Msalaba, na mashemasi waliulinda kwa macho makali kwa sababu, anasema, kuna aliyewahi kuinama kubusu akang'ata kipande akaondoka nacho.

Na hiyo mishumaa yako ya Majilio, taji lake tumelipokea kutoka kwa Mlutheri. Johann Hinrich Wichern, Hamburg, 1839, alikuwa akilea watoto maskini ambao kila siku walimuuliza Krismasi ni lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo myekundu kwa siku za wiki na mikubwa minne myeupe kwa Jumapili. Lilikuwa la kundi zima la watoto wasio na subira. Wewe la kwako unawashia nani?

Sauti ya Tatu

Subirini. Aling'ata Msalaba??

Kitabu na Ubani

Aling'ata. Ndivyo alivyosimuliwa Egeria.

Nuru ya Mlimani

Ya Polikarpo na Aniseto nimeipenda, naichukua Jumatano kwenye kikundi chetu. Kalenda bado sijaikubali.

Baba Pacha

Mama, shikamoo. Nimemsomea mke wangu habari ya matawi akaenda kimya kimya akatoa yaliyoko nyuma ya picha ya Familia Takatifu. Kumbe hatujawahi kurudisha hata moja, ni rundo la miaka. Ya zamani hivyo yanapokelewa? Na Kitabu, swali lako la taji limenipata. Nawasha peke yangu watoto wakishalala, ili wasiliguse.

Jambo la mwisho. Mke wangu anasema watu wa sakristia ni wakali.

Mama wa Sakristia

Marahaba, mwanangu. Peleka yote, ya zamani ndiyo yanayoungua vizuri. Waache mapacha wawashe wenyewe na wewe ushike kiberiti.

Ukali tunao, hasa nusu saa ya mwisho kabla ya Misa, usije na maswali wakati huo. Jumamosi asubuhi sisi ni watu wa kawaida. Kama Kwaresima unaiona mbali, anza na Dominika ya kwanza ya Majilio, huwa kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na siku moja kabla yake kila sakristia duniani inatafuta mtu mrefu wa kufika juu ya kabati. Wewe ni mrefu?

Baba Pacha

Wastani. Lakini ngazi nyumbani ninayo.

Mama wa Sakristia

Nenda nayo.