Mjadala: Mama Mkristo wa Dar awafundishe wanawe nyumbani, au awapeleke shule?

MamaKimara (mleta mada)

Wapendwa, Bwana asifiwe. Mada hii inazungumzwa sana kwenye vikundi vya kina mama makanisani, tena kwa kunong'ona. Naomba tuijadili waziwazi. Wapo kina mama hapa Dar wanaofundisha watoto nyumbani kwa sababu ya imani, na wapo wengi zaidi wanaotamani ila wanaogopa. Hofu ni zilezile: nina uwezo kweli? Mtihani atafanyia wapi? Serikali itasema nini? Atacheza na nani?

Msimamo wangu ni huu: mama anayesoma vizuri na anayeshinda nyumbani anaweza kufundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na akafundisha vizuri. Kumbukumbu la Torati 6:7 imemkabidhi mzazi kazi hiyo, "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani". Mtoto anayepanda basi la shule saa kumi na moja alfajiri na kushushwa saa kumi na moja jioni hoi, mzazi wake aketi naye saa ngapi? Karibuni, mnaokubali na mnaopinga.

MwalimuMsingi

Dada Kimara, nia yako naiheshimu, lakini tuanzie kwenye sheria. Sheria ya Elimu ya 1978, Sura ya 353, inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe elimu ya msingi, na mzazi ahakikishe anahudhuria shule aliyoandikishwa mpaka amalize. Sebule ya Kimara si shule iliyosajiliwa. Sera ya Elimu ya 2014, Toleo la 2023, nayo imesogeza elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa hiyo hoja ya "nitamfundisha mpaka miaka 13, kisha niko huru" haisimami tena.

La pili ni namba ya PREM, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokwama. Mtoto akiandikishwa darasa la kwanza anaingizwa kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani na kupewa namba. Namba hiyo inamfuata akihama, na ndiyo inayotumika kumsajili upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mitihani hiyo miwili haina mtahiniwa wa kujitegemea kama ilivyo kidato cha nne. Tatizo halionekani mtoto akiwa na miaka 7. Linaonekana akiwa na 12, mama anapoanza kuzunguka shule binafsi akiomba wamsajili mtihani tu. Mwalimu mkuu akimkubali kwa huruma, amejiweka matatani yeye na shule.

Kuhusu imani, Danieli na wenzake walifundishwa "elimu ya Wakaldayo na lugha yao" na hawakumwacha Mungu. Musa alisomeshwa hekima yote ya Wamisri. Shule haimnyimi mzazi jioni, Jumamosi wala Jumapili.

BabaGoba

Mwalimu kasema kweli kuhusu PREM. Niongeze upande wa pili, maana mama akisikia "haiwezekani" tu, anaacha kuuliza na kuendelea kimyakimya, na hilo ni baya zaidi.

Anza na mlango wa kutokea kabla ya kununua kitabu cha kwanza. Yesu mwenyewe alisema anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Milango iliyopo ni miwili.

Wa kwanza ni mitihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Hapa mtoto lazima awe na shule iliyomwandikisha, basi. Kuna wazazi wanaochagua shule ya jirani isiyo na bweni wala saa za ziada, mtoto anarudi saa nane au tisa, na mama anafundisha yake mchana. Kama mtoto mkubwa alishatoka kwenye mfumo, sekondari ina njia ya watahiniwa wa kujitegemea: anafanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, akifaulu ndipo anasajiliwa kidato cha nne kupitia kituo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inasaidia watu wa njia hii. Lakini ni njia iliyowekwa kwa waliokosa shule. Kumpangia mtoto wa miaka 6 njia hiyo kwa makusudi sioni kama ni busara.

Wa pili ni IGCSE ya Cambridge, mtihani wa sekondari wa kimataifa. Hapo mtu binafsi anaweza kusajiliwa kupitia kituo kinachopokea watahiniwa wa nje. Mambo matatu huharibika hapa. Moja, mzazi anakwenda kituoni Machi akitaka mtihani wa Mei na Juni. Usajili umeshafungwa, na kituo huwa na tarehe yake inayotangulia ya Cambridge. Mbili, sayansi. Mtoto asiye na maabara achague karatasi namba 6, ile mbadala wa vitendo, asichague namba 5 ya maabara. Hata hivyo namba 6 inauliza kusoma kipimajoto, kuchora grafu, kueleza hatua za jaribio. Asiyewahi kushika bureti hujibu kwa kubahatisha. Tatu, vyuo vya hapa vitataka ulinganifu wa cheti kutoka NECTA, kwa hiyo chagua masomo ukijua anakokwenda. Mtoto wa udaktari asiye na Kemia amefungiwa mlango mama yake akiwa hajui.

DadaKKK

Nyote mmeongelea mitihani, mimi niongelee meza ya kufundishia, maana swali la kwanza la mama lilikuwa "nina uwezo?"

Kusoma Kiswahili kunafundishika nyumbani kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu herufi zetu zinasomeka kama zilivyoandikwa. Anza na irabu tano kwa sauti zake. Kisha konsonanti moja moja na irabu zote: ma me mi mo mu, halafu ka ke ki ko ku. Ukishapata mbili tu, tengeneza maneno: mama, kima, kaka, kumi. Usisubiri amalize alfabeti. Konsonanti mwambatano, mb, nd, ny, ch, sh, ziache mpaka silabi sahili zimekaa. Mwisho kabisa njoo na mbw, nyw, ngw, na utofautishe ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Dakika 15 hadi 20 asubuhi, nyingine kama hizo mchana, inatosha kwa mtoto wa miaka 6.

Kosa la kwanza la nyumbani ni kufundisha majina ya herufi badala ya sauti. Mtoto anakariri "em, a" halafu hajui kwa nini ikawa "ma". Kosa la pili, na hili limewashika zaidi wanaotumia vitabu vya Marekani, ni kuanza Kiingereza na Kiswahili wiki moja. Mtoto anaona "maji" anasoma "meji", maana kaambiwa a ni "ei". Maliza kwanza Kiswahili, akisoma aya fupi bila kusita, ndipo ulete Kiingereza. Kipimo: mpe habari asiyoijua, weka saa, hesabu maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja. Mwishoni mwa darasa la pili lenga maneno 50, kisha muulize maswali matano. Akisoma 60 na asijibu hata mawili, hajasoma bado, ametamka tu.

Hesabu ndiyo inayowaangusha kina mama. Mtoto anaandika 52 – 27 = 35, mama anaweka kosa na kumwambia arudie, anarudia 35. Angalia alichofanya: 5 toa 2 ni 3, 7 toa 2 ni 5. Kila safu ametoa kidogo kwenye kikubwa. Kurudia hakumtibu. Chukua vijiti vya meno, funga kumi kumi kwa mpira wa pesa. Mpe mafungu 5 na vijiti 2, mwambie atoe 27, aanze na zile 7. Vijiti 2 havitoshi, inabidi afungue fungu moja: sasa ana mafungu 4 na vijiti 12. Anatoa 7, vinabaki 5. Anatoa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu ni 25, na mikono yake imeona limetoka wapi. Fanya hivyo siku tatu au nne kabla ya kurudi kwenye daftari.

Vitabu: TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, wameweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yao, vinasomeka bure. Ukitaka vya karatasi usikimbilie kuchapisha: kurasa 160 kwa shilingi 100 kila mmoja ni 16,000, hapo hujajalidi. Na angalia toleo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, na walioanza la tatu mwaka huo wanamalizia darasa la sita 2027. Vitabu vya zamani bado vinauzwa mitaani.

MamaTabata

Asante sana dada, hiyo ya vijiti ni dhahabu.

Kwa wanaofikiria ACE, vile vijitabu vya Kikristo vya Marekani: kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto anajisahihisha kwa kitabu cha majibu, na mtihani wa mwisho wa kila kijitabu unataka asilimia 80. Uzuri wake mama hahitaji andalio la somo. Ubaya, kitabu cha majibu kikibaki mezani mtoto ananakili. Kiweke mbali, ainuke akisahihishe wima kwa kalamu ya rangi nyingine. Tena vimejaa dola, inchi na galoni, na insha ni kidogo mno. Ongeza shilingi, mita na lita, na insha moja ya Kiswahili kila Ijumaa.

Kuhusu uchovu, kina mama, msijipime kwa saa za shule. Shuleni kuna mstari, mahudhurio, kusubiri wenzako 60 au zaidi wasahihishiwe. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, mtoto mmoja au wawili, mnamaliza kazi ya siku. Somo gumu liwe saa mbili, kabla joto la Dar halijapanda na mtoto mchanga hajaamka. Umeme ukikatika, hesabu na kusoma haviuhitaji. Na baba asiachiwe maombi peke yake: asahihishe hesabu za Jumamosi, maana jicho la pili huona kosa ambalo la kwanza limelizoea. "Tusichoke katika kutenda mema, maana tutavuna kwa wakati wake, tusipozimia roho."

MwalimuMsingi

Dada KKK, hayo ya silabi na kutoa kwa kukopa ningependa wazazi wote wa shuleni kwetu wayajue. Ila hayajajibu hoja yangu. Ubora wa mama si ruhusa ya kisheria. Na yupo mtoto ambaye hatumsemi hapa: yule ambaye mama yake hajui kusoma vizuri, au anatumika kulea wadogo zake huku nyumba inasema "anasomea nyumbani". Sheria ya mahudhurio imewekwa kwa ajili ya huyo, na ukitoboa tundu kwa mama mwema, na mwingine atapita humohumo. Mtoto huyo hana mtu wa kumwona ila mwalimu wa darasa anapomkosa siku tatu.

MamaKimara

Mwalimu, hoja ya mtoto huyo ni nzito na sina jibu jepesi. Ndiyo maana naona tudai utaratibu: mzazi ajiandikishe kwa Afisa Elimu Kata, mtoto apewe PREM kupitia shule ya jirani, apimwe KKK pale shuleni kila mwisho wa muhula, na akishindwa mara mbili mfululizo arudi darasani. Sheria ya leo haina kitu hicho. Mpaka kiwepo, ushauri wangu kwa mama mwenye mtoto anayefikisha miaka 7 ni huu: mwandikishe dirisha la Oktoba hadi Desemba, cheti cha kuzaliwa mkononi, uchague shule iliyo karibu ili mchana uwe wako. Kabla ya hapo, akiwa na umri wa miaka minne mpaka sita, fundisha bila hofu.

MwalimuMsingi

Kwa watoto walio chini ya umri wa kuandikishwa, sina ubishi na wewe. Huo utaratibu wa kupimwa kila muhula uandikeni, mpeleke kwa maandishi. Mimi nitaupinga, lakini nitausoma.