Nimekabidhiwa Biblia ya picha mbele ya umati kwa kosa la kuuliza swali kuhusu Danieli 8:14

MzeeWaBenchiLaNyuma (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa bado nimevaa koti nililokwenda nalo mkutanoni, wala chakula cha usiku sijakigusa. Mhubiri mhusika simtaji na hakuna haja ya kumtaja, kwa maana kila mwenye masikio katika mji huu anamjua. Ni yule mwenye kitambaa kilichochorwa sanamu ya Nebukadneza, kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma, na zile nyayo za chuma na udongo ambazo huzibadilishia majina ya mataifa kulingana na taarifa ya habari ya juma hilo.

Jioni ya leo alikuwa akifundisha ile aya ya nyakati za jioni na asubuhi elfu mbili na mia tatu, ambazo baada yake patakatifu patatakaswa, na sitamnyima haki yake, alianza vizuri. Alisema kwamba katika unabii siku moja huhesabiwa kuwa mwaka mmoja, akasoma Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo kwenye amri ya mfalme Artashasta kuhusu Yerusalemu, akafika mwaka 1844. Mpaka hapo hata mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa, kwa sababu hesabu hiyo ni ya siku nyingi na wenye nayo wanajulikana. Lakini mwenzetu hakuridhika na 1844. Alijumlisha miaka ya jangwani, akatoa miaka ya uhamisho wa Babeli, akazidisha kwa kitu ambacho nashuku kilikuwa idadi ya nguzo za turubai, akautangaza mwaka wa mwisho wa dunia, ambao sitauandika hapa kwa sababu wapo watu ninaowadai na wangeutumia kuniomba niwasubiri.

Nilinyoosha mkono. Nilisimama kwa adabu, nikavua kofia, nikauliza kwamba, ikiwa Mathayo 24:36 inasema hakuna aijuaye siku ile na saa ile, hata malaika walio mbinguni, yeye habari hizi amezipata kwa nani.

Hakunijibu. Aliinama chini ya meza, akatoa Biblia ya watoto yenye picha, ambayo jalada lake lina twiga aliyechomoza shingo katika dirisha la safina ya Nuhu, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayenitunuku shahada, kisha akasema katika kipaza sauti: "Kijana, anzia hapa. Ukifika kwenye Danieli utanitafuta." Na mpiga kinanda, ambaye naamini walikuwa wamepanga, akapiga ule mlio wa kumkaribisha mgeni rasmi.

Kijana! Mimi ambaye wajukuu wangu wananisomea maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa! Umati ulicheka mpaka turubai likatikisika. Mama anayeuza karanga nje ya uwanja, ambaye namfahamu kuwa ni Mwislamu na hana uhusiano wowote na sanamu ya Nebukadneza, alicheka hadi karanga zikamwagika. Twiga, ndugu zangu. Mbele ya mwenye nyumba wangu, mbele ya kwaya mbili na mbele ya mtu niliyemfundisha kusoma mwenyewe, nimesimama nikiwa nimekumbatia twiga.

Msiniambie kwamba nilipaswa kujibu kwa hoja. Nilikuwa na karatasi nzima ya hoja mfukoni. Ninajua kwamba wapo wafasiri wanaosema aya hiyo inamhusu Antioko Epifane, mfalme wa kale wa Shamu, na hekalu la Yerusalemu, wala haihusiki na karne zetu hata kidogo, na nilikuwa nimeyaandika hayo kwa kalamu nyekundu. Lakini mtu anatoaje karatasi mfukoni wakati mkono mmoja una kofia na wa pili una twiga? Nasema tena, alikuwa amekwisha kuiweka ile Biblia chini ya meza kabla sijauliza. Aliiandaa! Maana yake kila jioni huja nayo akisubiri mtu wa kumpa!

MtuWaPembeni

Pole sana, Mzee. Ningependa kufahamu jambo moja tu kabla sijachangia: je, picha ya Danieli katika tundu la simba imo humo, au ameruka moja kwa moja hadi Yona?

MzeeWaBenchiLaNyuma

Imo. Simba wanatabasamu. Sioni kwa nini hilo lina umuhimu.

MtuWaPembeni

Lina umuhimu, kwa sababu alikuambia ukifika kwenye Danieli umtafute, na inaonekana umefika usiku huu huu. Pia nimeifanya ile hesabu kwa kikokotoo: 2300 ukitoa 457 unapata 1843. Huo mwaka mmoja wa nyongeza umetoka wapi, au nao ulikuwa chini ya meza?

Mpare_wa_Mlimani

Hapo ndipo ninapokasirika, na si kwa ajili ya twiga. Hakuna mwaka sifuri kati ya mwaka wa 1 kabla ya Kristo na mwaka wa 1 baada yake, kwa hiyo hesabu husogea kwa mwaka mmoja. William Miller mwenyewe, mkulima wa Marekani aliyeieneza hesabu hii, alitaja kwanza kipindi cha kuanzia tarehe 21 Machi 1843 hadi 21 Machi 1844, na baadaye wafuasi wake wakaishika tarehe 22 Oktoba 1844. Walikesha wakingoja na Bwana hakuja. Baada ya huzuni hiyo, waliobaki wakisoma waliona kwamba tarehe haikuwa na kosa, bali tukio lilifahamika vibaya: patakatifu panapotakaswa si dunia hii kuteketezwa kwa moto, bali ni hekalu la mbinguni linaloelezwa katika Waebrania sura ya 8 na ya 9, na kazi iliyoanza huko ni ya hukumu. Tangu hapo kanisa letu la Waadventista Wasabato halijapanga tarehe nyingine yoyote.

Sisi huku Upare tunafundishwa hivyo tangu wamisionari kutoka Ujerumani walipofika mwaka 1903. Sasa kila anayenunua kitambaa na rangi akajipangia mwaka wake, fedheha inarudi kwangu! Kazini kwangu kila mwezi wa Oktoba kuna mtu ananiuliza, "Safari hii ni tarehe ngapi?", kana kwamba mimi ndiye mtunza ratiba wa mbinguni. Mzee amedhalilishwa jioni moja tu. Mimi nadhalilishwa kila mwaka, na sijawahi kupewa hata kitabu.

KatekistaMstaafu

Mnateseka bure wote wawili, na mnateseka kwa sababu ninyi Waprotestanti mlikitoa katika Biblia kitabu chenye jibu. Andiko linasema jioni na asubuhi, nayo sadaka ya kuteketezwa ilitolewa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kama ilivyoamriwa katika Kutoka 29. Sadaka 2300 ni siku 1150, yaani miaka mitatu na kidogo. Antioko wa Nne, huyo huyo Epifane, alilitia hekalu unajisi mwaka 167 kabla ya Kristo, na Yuda Makabayo akalitakasa mwaka 164. Habari yote imo katika Wamakabayo wa Kwanza, sura ya 4, na Wayahudi huiadhimisha mpaka leo kwa sikukuu ya Hanuka. Ndiyo maana katika parokia yetu hakuna anayekesha akingoja mwaka 1844 wala mwingine wowote.

Na kama ni malalamiko, mimi nimefundisha katekisimu maisha yangu yote, na bado kuna jirani anayenisubiri getini kila Jumapili kunieleza kwamba Baba Mtakatifu ni yule mnyama wa Ufunuo 13. Ananieleza huku amebeba sufuria yangu aliyoazima.

Mpare_wa_Mlimani

Mtumishi, tulikitoa sisi au mlikiongeza ninyi Wakatoliki kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1546? Na Danieli 8:17 inasema maono hayo ni ya wakati wa mwisho. Antioko amekuwa wakati wa mwisho tangu lini?

KatekistaMstaafu

Trento ilithibitisha kile kilichokuwa kikisomwa tangu zamani, wala haikuongeza hata ukurasa. Kuhusu Antioko, soma aya ya 21 ya sura hiyo hiyo, ambapo malaika anamtaja kwa wazi mfalme wa Uyunani. Mfalme huyo akifa, ufalme wake unagawanyika mara nne, na Antioko anatoka humo. Malaika ameeleza, nanyi mnamfafanulia malaika.

MkaziWaUfalme

Kwa heshima zote, mnagombania sura ya 8 ilhali mngeanza na sura ya 4. Mti uliokatwa wa Nebukadneza ulikaa nyakati saba, na Ufunuo 12 inaonyesha kwamba nyakati tatu na nusu ni siku 1260, kwa hiyo nyakati saba ni 2520. Anzeni mwaka 607 kabla ya Kristo, Yerusalemu ilipoangamizwa, nanyi mtafika 1914. Sisi Mashahidi wa Yehova tukibisha hodi kuwaeleza jambo hili, mnazima redio na kujificha chini ya madirisha huku vivuli vyenu vikionekana kwenye pazia. Hilo nalo ni dharau, ila hatujaanzisha uzi.

KatekistaMstaafu

Yerusalemu iliangamizwa mwaka 587 au 586. Wanahistoria karibu wote wanasema hivyo, na kumbukumbu za vibao vya udongo vya Babeli zinasema hivyo. Na aliyejificha chini ya dirisha siku ile hakuwa mimi, alikuwa mgeni.

MzeeWaBenchiLaNyuma

Naomba turudi kwenye mada. Hakuna hata mmoja wenu aliyezungumzia kinanda. Mtu anapigiwa mlio wa mgeni rasmi akiwa ameshika kitabu cha watoto, nanyi mnajadili vibao vya Babeli!

TisaNukta

Mimi ni Mbahai, na ninasoma mabishano haya kwa wivu mkubwa. Huo mwaka 1844 mnaougombania ndio mwaka ambao Bab, mtangulizi wa dini yetu ya Kibahai, alijitangaza katika mji wa Shiraz huko Uajemi, mwezi wa Mei, na kwa kalenda ya Kiislamu ulikuwa mwaka 1260, namba ile ile ya Ufunuo 11 na 12. Kwetu patakatifu palitakaswa kwa kuja mjumbe mpya, na unabii huo umekwisha kutimia. Hekalu letu liko Kampala tangu mwaka 1961, juu ya kilima, linaonekana kutoka mbali. Hata hivyo, katika maisha yangu hakuna mhubiri aliyewahi kunitukana, kwa sababu hakuna aliyewahi kufahamu kwamba tupo. Mzee, wewe angalau umepewa twiga.

MtuWaPembeni

Nimeweka hesabu: mwaka mmoja, yaani 1844, tayari una dini mbili zinazoudai, na mchana haujafika. Kuna mwingine?

BiMkubwaWaMombasa

Wanangu, nimekuwa nikisoma kimya, lakini uzi huu umenitonesha kidonda, kwa sababu nami nina wangu ambaye simtaji, na watu wa mtaa wetu wote wanamjua. Ni mpwa wangu wa damu, aliyerudi kutoka masomoni mwaka huu akiwa na ndevu na maswali. Siku ya hitima ya marehemu mume wangu, masheikh wamekaa, ubani umefukizwa, pilau imeiva na kijana wa kupakua ameshika upawa, yeye anasimama na kuuliza kwa sauti: "Mwenyezi Mungu yuko wapi?"

Mzee mmoja, aliyemfundisha huyo huyo mpwa wangu alifu kwa kijiti, akamjibu kwa upole kwamba Mwenyezi Mungu hana mahali, maana mahali pameumbwa naye alikuwepo kabla ya mahali. Mpwa wangu akasoma Sura Twaha, aya ya 5, ya Mwingi wa Rehema kuwa juu ya Arshi, yaani Kiti cha Enzi, akaongeza ile hadithi ya Sahihi Muslim ya kijakazi aliyeulizwa Mungu yuko wapi akajibu kuwa yuko mbinguni, na Mtume akaamuru aachiwe huru. Mzee akamrudishia kwa Sura Shura, aya ya 11, kwamba hapana chochote mfano wake, akamkumbusha kauli ya Imamu Malik kuwa namna ya jambo hilo haijulikani na kulihoji ni uzushi. Mimi niko jikoni nasikia Arshi inakwenda na kurudi, na pilau inapoa.

Ndipo akasema lile neno. Aliwaambia wazee wale, wenye mvi kuliko pamba, warudi juzuu Amma waanze upya. Juzuu Amma! Mzee aliyemfundisha alifu anaambiwa akaanze na juzuu ya watoto!

KatekistaMstaafu

Pole sana, Bi Mkubwa. Hilo ni kubwa kuliko la twiga.

Mpare_wa_Mlimani

Ni kubwa kuliko la twiga mara nyingi. Kumwambia hivyo mwalimu wako mwenyewe, tena msibani!

MzeeWaBenchiLaNyuma

Sikubaliani kabisa. Wazee wale hawakupigiwa kinanda.

MkaziWaUfalme

Bi Mkubwa, ningependa kukuonyesha andiko la 1 Wafalme 8:27, ambapo Sulemani anasema hata mbingu za mbingu hazimtoshi. Naweza kupita nyumbani siku yoyote inayokufaa.

BiMkubwaWaMombasa

Usipite, mwanangu, nakuomba kwa heshima. Nyumba hii ina maswali ya kutosha.

MtuWaPembeni

Shikamoo, Bi Mkubwa. Mwishowe nani alishinda?

BiMkubwaWaMombasa

Marahaba, baba. Hakushinda mtu. Sheikh wa msikiti wetu, ambaye muda wote alikuwa akiitazama ile pilau, alianza kusoma Ayatul Kursiyyu. Alipofika pale panaposema Kursi Yake imeenea mbingu na ardhi, mpwa wangu alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mzee naye akatikisa chake kwa kuridhika vilevile, kila mmoja akijua imeteremshwa kumsaidia yeye. Kwa arobaini nimekwisha kutoa amri: chakula kitatangulia, na masuala ya Arshi yatafuata watu wakishanawa.