Mkaa, gesi au umeme: kipi kinafaa kibanda cha mama lishe?

MamaLishe_Tandika: Wakuu, nauza wali, maharage na nyama mchana, asubuhi chai na chapati. Napikia mkaa mtupu. Nataka kupunguza hewa ukaa bila kumaliza mtaji. Nianze na gesi, presha ya umeme (sufuria la umeme linalopika kwa mvuke uliobanwa) au jiko banifu linalotumia mkaa kidogo?

Mtoto_wa_Temeke: Gesi, dada. Chukua mtungi wa kilo 15 na jiko la plate mbili. Hakuna kupepea, masufuria hayaingii masizi.

Fundi_Umeme: Mkuu, angalia kwanza chakula gani kinakula mkaa. Ni maharage! Yanakaa motoni saa mbili, tatu. Presha ya umeme ya lita 6 ina wati 1,000 hivi, ila ikishapanda presha inazima na kuwaka yenyewe, kwa hiyo mpiko mmoja wa maharage unamaliza kama nusu uniti. Uniti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa matumizi ya kawaida ni kama shilingi 356, piga hesabu. Na kuhusu hewa ukaa, umeme wa gridi yetu ni wa maji na gesi asilia zaidi, si wa kuchoma miti. Bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115.

Bi_Chapati: Na umeme ukikatika saa tano, wateja wa saa saba watakula nini? Halafu chapati haipikwi kwenye presha. Hapo ni gesi tu.

Kilosa_Kwetu: Mkaa wenu unachomwa huku kwetu. Tanuri la kienyeji linaweza kumeza hata kilo 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa. Moshi mwingi unabaki huku porini, Tandika hamuuoni. Jiko banifu linapunguza magunia, sawa, lakini gunia bado ni mti. Mimi naomba uache mkaa kabisa kwenye maharage.

MamaLishe_Tandika: Nimekuelewa, kaka. Basi presha kwa maharage, gesi kwa chapati na wali. Lakini napika kilo 3 za maharage kwa siku, presha moja itaweza?

Fundi_Umeme: Itaweza kwa awamu. Loweka usiku, weka kilo moja kila mpiko, usipite nusu ya sufuria maana maharage yanavimba. Anza alfajiri, yaliyoiva yaingie kwenye hotpoti. Hata umeme ukikatika saa tano, umeshamaliza. Soketi iwe ya peke yake ukutani, usichomeke kwenye ekstensheni ya kuungaunga. Kama LUKU mnachangia na wapangaji wengine, funga mita yako ndogo kabla hujanunua presha, la sivyo kila mwezi ni ugomvi.