Kusuka viota na darasa la tano: tutumie nini, tupimeje?

mwl_ujiji
Habari za kazi, wadau. Nafundisha Sayansi darasa la tano hapa Ujiji. Nataka watoto watengeneze viota na kupima uimara wake, bila kugusa vya ndege. Nyasi kavu zinakatika mikononi, na viota vya tope vinabomoka kabla havijakauka. Nitumie nini?

chane_mbichi
Salama, mwalimu. Achana na nyasi kavu. Mnana, yule ndege msuka viota, husukia nyasi mbichi au chane anazochana kwenye majani ya mchikichi: jani bichi linapinda bila kuvunjika, likikauka linakakamaa na umbo linabaki. Michikichi Kigoma imejaa. Chana upana wa milimita 3, urefu sentimita 30 hadi 40. Chane pana haifungiki fundo, fupi inachomoka ikisinyaa. Zikianza kukauka, loweka nusu saa.

Waanze na pete kama mnana dume: kipenyo sentimita 8, ifungwe kwenye kijiti chenye panda. Chumba kisukwe upande mmoja wa pete, mlango upande wa pili ukitazama chini. Anayeanzia kitako huishia na kikapu kisicho na paa. Kila mmoja ashike kibanio cha nguo mkono mmoja kiwe mdomo. Mkono wa pili ukandamize chane tu, kama mguu wa ndege. Hapa usilegeze sharti, ndipo uhandisi ulipo.

Acheni vikauke siku 2 ndipo mpime. Ndege mwenyewe ana karibu gramu 40, mayai mawili matatu hayazidi gramu 10. Gololi ya kawaida ni kama gramu 5, kwa hiyo kiota kibebe gololi 10. Kisha tikiseni kijiti mara 20, mhesabu zilizodondoka. Nyingi zikitoka, kizingiti kati ya chumba na mlango ni kifupi.

udongo_wa_tabora
Kwenye tope, tatizo ni haraka. Mbayuwayu hubandika kitonge kimoja kimoja na kusubiri safu ishike. Ukirundika yote kwa mkupuo, uzito wa juu unasukuma tope laini la chini. Wabandike safu 2 kwa siku, vitonge vikubwa kama punje ya hindi.

Vikombe 3 vya udongo wa kichuguu, 1 cha mchanga laini, nusu ya nyasi zilizokatwa sentimita 2. Udongo mweusi wa mbuga, ambao huku Tabora hauna shida kupatikana, uepuke: unavimba ukilowa, unapasuka ukikauka. Lowesha tofali la kubandikia; likiwa kavu linanyonya maji ya tope na kiota kinabanduka. Kaushia kivulini, maana jua kali hukausha nje kwanza, ndani bado kubichi, ufa unatokea.

mwl_ujiji
Asanteni sana. Vile vinavyookotwa chini ya mti navyo wavishike?

chane_mbichi
Dume hubomoa kiota ambacho majike wamekikataa, kwa hiyo chini havikosekani. Ila vina utitiri. Wavitazame ndani ya chombo kinachoonyesha, kilichofungwa, na wanawe kwa sabuni hata hivyo. Chenye yai au kinda kisiguswe, wamwite mtu mzima.