Dar mpaka Mwanza kwa ndege ni km ngapi na masaa mangapi?

Msukuma_wa_Tabata
Wakuu habari za muda huu. Mwezi ujao nina harusi ya mdogo wangu Sengerema, basi nimelichoka, mara hii nataka nipande ndege. Sasa nikicheki barabara naona zaidi ya km 1,100, ila jamaa kazini anabisha eti kwa ndege ni 850 tu. Halafu kwenye tiketi kuna ndege inatumia lisaa limoja na nusu, nyingine masaa mawili, nyingine karibu matatu, na zote Dar–Mwanza! Nauli zimepishana pia. Nani anaelewa hii ishu?

Kipanga wa Angani
Jamaa yako yuko sahihi mkuu. Hiyo 850 ni mstari ulionyooka toka JNIA (uwanja wa ndege wa Dar) mpaka uwanja wa Mwanza, marubani wao wanaita maili 460 za baharini (moja ni km 1.852). Barabara lazima ikuzungushe Moro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga ndio uingie Mwanza.

Masaa yanategemea chuma chenyewe. Airbus A220 ya Air Tanzania ni jeti, ikishatulia juu inakimbia kwenye km 830 kwa saa. Q400 ina mapangaboi ila iko fasta, kama 660. ATR za Precision Air, nazo za mapangaboi, ni 510 hivi. Ukigawanya 850 kwa 510 unapata lisaa na dakika 40, ongeza kupanda, kushuka na kutambaa pale chini kabla ya kuruka, hayo masaa mawili yametimia. Muda wa tiketi unaanza ndege ikiondoka maegesho sio ikiacha ardhi.

mama_Jey
Na hiyo ya karibu masaa matatu cheki vizuri, mara nyingi inapitia Kilimanjaro au Dodoma, mnashusha watu mnapakia wengine ndio mnaendelea. Bei nafuu lakini unakaa humo ndani mpaka miguu ife ganzi.

Msukuma_wa_Tabata
Daah kumbe, nilidhani wamekosea kuandika. Hiyo ya 06:00 ndio rahisi kuliko zote, naweza kutoka kazini nikaunganisha?

mama_Jey
😂😂 Kaka hiyo ni saa kumi na mbili ASUBUHI, ukienda jioni utakuta wenzako wako kwenye sherehe. Saa kumi alfajiri uwe ushafika, na iwe Terminal 2, bodaboda wengi wakisikia ndege wanakupeleka 3 ambako ni za nje.

Kipanga wa Angani
Uwanja wa Mwanza uko km kama 10 kutoka mjini, panga hela ya teksi. Kwenda Sengerema saivi hamna tena foleni ya kivuko, tangu Juni 2025 mnapita daraja la Kigongo–Busisi, km 3 na kidogo, dakika chache mko ng'ambo.

Msukuma_wa_Tabata
Shukrani sana wakuu. Nachukua ya moja kwa moja hata kama ni ATR.